Je, wajua kwa nini krimu na mashimelo huelea juu ya chokoleti ya moto na kuyeyuka polepole?

Desemba inapoingia na baridi kukaza katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, kinywaji kinachopikwa sana majumbani ni chokoleti ya moto, na juu yake huwekwa mapambo ya sikukuu: krimu iliyopigwa, vipande vya mashimelo, yaani ile pipi nyeupe na laini inayobonyea kidoleni kisha ikarudi ilivyokuwa, chokoleti iliyokunwa, na peremende nyekundu na nyeupe zilizopondwa. Ukikitazama kikombe hicho kwa makini utaona kwamba krimu na mashimelo havizami, na ingawa kinywaji kina joto la nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, haviyeyuki papo hapo, bali hulegea kuanzia chini na kuacha utando mweupe unaosambaa taratibu. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni hewa. Krimu ikipigwa vizuri huongezeka ujazo takriban mara mbili, na katika mashimelo nusu ya ujazo au zaidi ni viputo vitupu. Hewa ni nyepesi na tena haipitishi joto kwa urahisi, kwa hiyo kitu kilichojaa viputo huelea, na wakati huohuo huchelewesha joto la kinywaji kupanda hadi juu yake. Sababu ya pili ni kile kinachoishikilia hewa hiyo. Mafuta ya maziwa yaliyomo katika krimu na jelatini, yaani dutu inayogandisha mashimelo, na hata siagi ya kakao iliyomo katika chokoleti ya kukuna, vina asili tofauti kabisa, lakini vyote huyeyuka katika halijoto iliyo karibu na ya mwili wa binadamu: siagi ya kakao kwenye nyuzi 34 hivi, jelatini kwenye 35 hivi, na mafuta ya maziwa humaliza kuyeyuka kabla ya kufika 40. Ndiyo maana vitu hivyo hukaa imara katika chumba chenye ubaridi, hulainika ulimini, na haviwezi kustahimili kikombe cha moto kwa muda mrefu. Anayetaka kuyaandaa mapambo haya mwenyewe akishalielewa jambo hilo, karibu kila agizo la mapishi humwia wazi.

Kupenda povu juu ya chokoleti si jambo la leo. Wamaya na Waazteki, wenyeji wa kale wa Meksiko na Amerika ya Kati waliokunywa kakao kabla ya Wahispania kufika kwao, walikimimina kinywaji hicho kutoka chombo kilichoinuliwa juu hadi kingine kilichowekwa chini ili kifanye povu, na povu hilo lilithaminiwa sana. Huko Ulaya nafasi ya povu ilichukuliwa na krimu. Mjini Paris, mkahawa wa Angelina, ulioanzishwa mwaka 1903 na Anton Rumpelmayer, mpishi wa vitu vitamu kutoka Austria, hadi leo huleta mezani chokoleti nzito pamoja na krimu iliyopigwa katika chombo chake, mteja ajipakulie kadiri anavyopenda.

Krimu inayofaa kupigwa ni ile yenye mafuta yasiyopungua asilimia 30, na ya asilimia 35 ni bora zaidi. Ndani yake mafuta yametawanyika katika matone madogo mno, kila tone likiwa limefunikwa na utando mwembamba. Mchapo, yaani kifaa cha kupigia krimu, unapozunguka huingiza hewa na kuuchubua utando huo, na matone yaliyochubuka hushikana yenyewe kwa yenyewe na kukizingira kila kiputo. Kushikana huko kunawezekana tu iwapo sehemu ya mafuta imeganda. Krimu ikiwa vuguvugu, viputo hukosa ukuta wa kuvizuia na hupasuka mara vinapoundwa. Kwa sababu hiyo krimu, bakuli na mchapo vyote vikae kwanza kwenye friji hadi kufikia nyuzi 4 au 5. Kazi isimamishwe pale mchapo unapoinuliwa na kuacha ncha iliyosimama, ikipinda kidogo kileleni. Ukizidisha, krimu hubadilika rangi na kuwa ya manjano hafifu, ikafanya chembechembe, kisha maji yakajitenga: hiyo ni siagi tayari, wala hairudi kuwa krimu.

Kwa meza ya sikukuu, njia ninayoipendekeza kuliko zote ni kuikamua krimu iliyopigwa kwa mfuko wenye mdomo wa nyota juu ya karatasi ya kuokea, kisha kuigandisha kwenye friza usiku kucha. Nyota iliyoganda inapowekwa kikombeni, joto hulazimika kuiyeyusha barafu yake kwanza kabla ya kuyafikia mafuta, na kwa hiyo umbo lake hudumu muda mrefu kuliko krimu iliyotoka bakulini. Inafaa kutaja pia kwamba krimu nyingi za pakiti huko Ulaya hutiwa karagini, dutu inayotolewa katika mwani na inayozuia krimu isijitenge, na mwani wa aina hiyo ndio unaolimwa na kina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, maji ya bahari yanapokupwa.

Asiyekula maziwa anaweza kutumia tui zito la nazi. Tui likikaa kwenye friji usiku mzima, mafuta hupanda juu na kuganda. Hayo huchotwa, yakapigwa na kuwa laini kama krimu. Tofauti ni kwamba mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo pambo hili halisubiri mazungumzo: liwekwe kikombeni na kinywaji kinywewe.

Mashimelo ndiyo yenye kazi kubwa, na ndiyo yenye kulipa zaidi ikitengenezwa nyumbani, kwa kuwa hubaki na unyevu mwingi kuliko ya dukani na hugeuka povu laini zaidi kikombeni. Katika karne ya 19 watengeneza pipi wa Ufaransa walipiga ute wa mizizi ya mmea wa vinamasi uitwao Althaea officinalis pamoja na ute wa mayai na sukari. Baadaye jelatini ilichukua nafasi ya mizizi hiyo. Anayejua kupika shira ya kaimati anaijua nusu ya kazi. Gramu 21 za jelatini hulowekwa katika mililita 120 za maji baridi hadi zivimbe. Sukari gramu 300, kikombe kimoja cha glukosi ya maji na mililita 120 za maji huchemshwa hadi nyuzi 115, wakati ambapo tone la shira likidondoshwa katika maji baridi hufanya kidonge laini kinachobonyea kati ya vidole viwili. Glukosi haitiwi kwa ajili ya utamu tu: molekuli zake huzuia zile za sukari zisijipange na kuwa fuwele, la sivyo mashimelo ingekuwa na mchanga mdomoni.

Shira hiyo humiminwa polepole juu ya jelatini huku mashine ikipiga, na baada ya dakika 10 hadi 12 ule uji mwangavu huwa mweupe, mzito, na kuongezeka maradufu au zaidi. Humwagwa kwenye sinia lililonyunyizwa mchanganyiko wa sukari ya unga na wanga wa mahindi, ukaachwa hadi kesho yake, kisha hukatwa kwa kisu kilichopakwa mafuta au kwa vikato vyenye maumbo ya nyota na miti ya Krismasi.

Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na huko Ulaya nyingi hutoka kwa nguruwe; kwa hiyo Waislamu wanaoishi huko hutafuta ile ya ng'ombe yenye nembo ya halali, ambayo hufanya kazi ileile. Agari, inayotokana na mwani mwekundu, hugandisha vizuri lakini haiyeyuki hadi ifike nyuzi 85 hivi, na kwa kuwa kikombe hakifikii joto hilo, mashimelo ya agari haifanyi ule utando mororo unaosubiriwa.

Peremende ni kisa kingine kabisa, kwani hazina mafuta wala jelatini. Sukari yake huvuta unyevu upesi, hivyo zikipondwa mapema hunata na kutoa maji mekundu yanayochafua krimu. Zipondwe na kunyunyizwa dakika ya mwisho. Mentoli, yaani dutu ya mnanaa iliyomo ndani yake, huziamsha neva zilezile zinazohisi baridi ulimini, bila kupunguza joto lolote, na ndiyo maana mnywaji huhisi ubaridi wa peremende na moto wa chokoleti katika funda moja.