Kuenkodi video ni nini, na programu ipi inatosha

Mzee mmoja mwenye boti za kupeleka wageni Gombe alinipa klipu sita alizorekodi na simu pale Kibirizi, Kigoma, nimuwekee kwenye tovuti yake, kila moja nusu dakika hivi, nikazipandisha vilevile zilivyo. Kesho yake simu, "kijana wangu mbona zinazunguka tu hazichezi?" Kuangalia, klipu moja megabaiti 64. Nani atasubiri hiyo imalize bando lake!

Sasa kuenkodi ndo hivi, ni kuibana video ili faili liwe dogo. Picha moja ya 1920 kwa 1080 ikiwa ghafi kabisa inakula kama megabaiti 6, na sekunde moja ina picha 30, yani karibu megabaiti 187 kwa sekunde, hakuna simu inayotunza hivo, kwa hiyo video yoyote unayoiona imeshabanwa tayari. Ni kama dagaa wa Katonga, wabichi ni mzigo, ukiwaanika maji yakatoka unabeba kirahisi. Ila dagaa mkavu hata umloweke siku nzima harudi kuwa mbichi, na video ukishaibana kile kilichotoka kimetoka, ndo maana faili la kwanza la mteja usilifute hata kama diski imejaa.

Namna ya kuanika ndo inaitwa kodeki. Inahifadhi picha moja nzima, afu zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Boti inapita, milima ya Kongo kule ng'ambo haijasogea, basi milima hairudiwi kuandikwa. Shida ni ziwa lenyewe, mawimbi yanabadilika kila picha kila kona, hapo kodeki inatoka jasho, na kama mpigaji mkono ulikuwa unatetemeka ndo kabisa maana hata milima nayo inaonekana inacheza.

Watu wengi wanachanganya kodeki na MP4. MP4 ni gunia tu, ndani yake unaweza kukuta kodeki ya H.264 au H.265 au nyingine, ndo maana mtu anakwambia "nimekutumia MP4 mbona kwangu nasikia sauti picha hakuna". Kwa tovuti ya mteja mi naweka H.264, ni ya 2003, ya kizamani sawa, lakini karibu kila simu na brauza inaicheza. Kodeki ya AV1 ya 2018 inabana vizuri zaidi ila laptopu yangu ikiifanyia kazi naweza kwenda Ujiji nikarudi, na simu nyingi za zamani inazilemea.

Programu sasa. HandBrake ni ya bure, FFmpeg ya bure, na zote ukitoa H.264 kwa kawaida anayebana kule ndani ni yuleyule anaitwa x264, kwa hiyo usihangaike kutafuta ipi ina "kwolite". Klipu sita HandBrake inatosha, unazipanga foleni unaenda kula. Ukiwa na klipu 200 hapo jifunze FFmpeg, haina vitufe, unaandika amri, inatisha siku mbili tatu za mwanzo basi.

Kwenye HandBrake kuna namba ya RF, ikipungua picha inakuwa nzuri na faili linanenepa. Mi kwa 720p, yani picha ya 1280 kwa 720, huwa naanzia 23. Ukitumia hiyo hujui faili litatoka na ukubwa gani, ukitaka kujua kabla basi weka mwenyewe bitireti, yani data ya kila sekunde: megabiti 2 kwa sekunde, mara sekunde 30, ni megabiti 60, gawa kwa 8, maana baiti moja ni biti 8, unapata megabaiti 7.5. Hapo kwenye 8 ndo wengi wanaanguka.

Halafu weka tiki kwenye kisanduku cha Web Optimized, wengi wanakiruka. Bila hiyo ile orodha ya yaliyomo inakaa mwisho wa faili, na brauza inaweza kubaki inahangaika kuitafuta kabla haijaonyesha hata picha moja.

Za mzee zilitoka hivi: yenye mawimbi megabaiti 9, nahodha akiwa amekaa anaongea 3 tu, kwa RF ileile. Ya juu kabisa ya ukurasa inayojicheza yenyewe nikaiondoa sauti, maana brauza nyingi zinakataa video yenye sauti ijianzishe.