Asali ya mwambani haitaki kusubiriwa

Kadi nyingine tena ya WhatsApp: mzinga, jua linazama, na maneno kwamba kwa Wayoruba wa Afrika Magharibi asali humfikia anayesubiri. Jamani! Òwe, yaani methali ya Kiyoruba, iliyokatwakatwa hapo ni hii: Ẹni tó máa jẹ oyin inú àpáta kì í wo ẹnu àáké. Atakayekula asali iliyo ndani ya mwamba haangalii makali ya shoka. Mna asali, mwamba na shoka. Nyuki hamna, mzinga hamna, na kusubiri hamna kabisa.

Shoka ni la kuni. Ukilipigisha jiwe linaingia mapengo, na kila ukilinoa upya chuma kinapungua. Mwenye shoka anayajua hayo kabla hajainua mkono. Kutoangalia makali si kutojua. Ni kukubali hasara mapema, asije akaacha katikati, shoka limekwisha na mwamba haujapasuka, maana hapo atakuwa amekosa vyote viwili. Kwa hiyo msiioanishe na "mvumilivu hula mbivu". Tunda huiva lenyewe, mwamba haujipasui. Afadhali "mtaka cha mvunguni sharti ainame", ingawa anayeinama haharibu kitu chake.

Sùúrù, yaani subira, ipo kwenye òwe nyingine, na hata huko ina kazi mikononi. Bí a bá fi sùúrù pa èèrà, a ó rí ìfun rẹ̀: ukimuua sisimizi kwa subira, utauona utumbo wake. Ni subira ya vidole hiyo. Bonyeza kwa pupa uone: sisimizi na utumbo doa moja.

Halafu kuna hii: Ohun tí a bá fi ẹ̀sọ̀ mú kì í bàjẹ́, ohun tí a bá fi agbára mú ní í le koko. Kinachoshikwa taratibu hakiharibiki. Kinachoshikwa kwa nguvu ndicho huwa kigumu. Sasa shoka tuliweke wapi? Vitabu hupenda kuzipatanisha. Mimi sioni zikipatana. Òwe huchaguliwa kwa shauri lililopo. Anayekata tamaa mpe shoka, mwenye pupa mpe sisimizi. Ukibadilisha, umemponza mtu.

Na alama za toni, zile za juu ya herufi zinazoonyesha sauti ipande au ishuke, ziandikeni! Iṣẹ́ ni oògùn ìṣẹ́, kazi ni dawa ya umaskini. Ziondoe, kazi imekuwa dawa ya kazi. Ukiwa mdogo mbele ya wazee, usiitoe òwe bila kusema "tótó, ó ṣe bí òwe", kuomba radhi kwa kuthubutu.