Msongo wa mawazo chuoni: njooni kabla ya mtihani, msingoje matokeo

Matokeo ya muhula yalipobandikwa, foleni nje ya ofisi yetu ya ushauri wa wanafunzi hapa Mtwara ilifika hadi kwenye mwembe. Karibu kila aliyeingia alianza na maneno yaleyale: "Nilikuwa na stresi." Tunawaamini. Lakini msongo unaoelezwa baada ya matokeo haufuti sapu, yaani mtihani wa marudio, na hilo tumelisema mpaka sauti zimekauka.

Utaratibu wetu ni huu. Anayeona hawezi kufanya mtihani kwa sababu za kiafya, na afya ya akili imo, huchukua fomu ya kuahirisha, akajaza nakala tatu. Mkuu wa idara anasaini kwanza, kisha mshauri wa wanafunzi, halafu fomu inapelekwa ofisi ya mitihani ikiwa na cheti cha daktari. Yote haya kabla ya karatasi ya kwanza. Nakala moja ubaki nayo, maana kila muhula yupo anayedai fomu yake ilipotea. Picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp si kiambatisho. Asiyeingia mtihani bila kibali huhesabiwa mtoro, na mtoro anaweza kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo anayeahirisha mwaka apite pia kwa afisa mikopo wa chuo.

Sasa makopo. Mwezi uliopita kijana mmoja alikaa mbele yangu, mkono unatetemeka hata jina lake akalikosea kwenye fomu. Mkobani mlikuwa na makopo matatu ya kinywaji cha kuongeza nguvu, mawili matupu. Alikuwa hajalala siku mbili, akiamini anasoma. Kafeini huchukua takribani saa tano kupungua nusu mwilini: ukinywa saa nne usiku, saa tisa nusu yake bado inakukimbiza. Na ulichosoma hujipanga kichwani ukiwa umelala. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Pombe haisaidii, inakuwahisha kusinzia, kisha inakuamsha usiku wa manane.

Wengine chanzo chao si masomo. Mzazi ni mkulima wa korosho, ada inasubiri mnada, na mnada hauijui tarehe ya mwisho ya chuo. Mwanafunzi huyo akiambiwa "punguza mawazo" anatukanwa. Anachohitaji ni barua ya ahadi ya malipo, iletwe uhasibu mapema ikitaja chama cha msingi cha ushirika anachouzia korosho mzazi. Mzigo ukishaandikwa tarehe, hata usingizi unarudi.

Mengine mnayajua. Tembeeni, kutoka mabwenini hadi ufukwe wa Shangani jioni hakuna nauli. Ukiona moyo unakwenda mbio kabla ya mtihani, vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, dakika tatu hivi. Kuleni, chai ya rangi si mlo wa siku nzima.

Kuhusu wanaosema wamelogwa, sitabishana na imani ya mtu. Sala na dua hazigombani na daktari. Ila huzuni au kukosa hamu ya kila kitu ikizidi wiki mbili, au ukianza kufikiria kujidhuru, usingoje miadi: njoo siku hiyohiyo, au nenda Hospitali ya Ligula, na mwenzako akusindikize. Aliyeko Lindi aende Sokoine. Kuonana na mtaalamu wa afya ya akili hakukufanyi "chizi", neno ambalo tungependa lisisikike tena mabwenini.

Unachotuambia hakiingii kwenye jalada lako la masomo, wala hatumpigii mzazi bila wewe kujua, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Huhitaji barua ya CR, yaani kiongozi wa darasa. Mlango wetu uko upande wa nyuma, haupiti mbele ya madarasa. Tuliuomba uwe hivyo.