Kusafisha maji ya rangi kwa madini na mwanga wa jua

Rangi za nguo hutengenezwa makusudi zisichuje kwa sabuni wala jua. Sifa hiyohiyo huzifanya zishinde bakteria wa kwenye mabwawa ya majitaka. Nyingi ni za jamii ya azo, yaani zenye atomu mbili za nitrojeni zilizoungana, na zikivunjika nusunusu kwenye tope lisilo na oksijeni huacha amini, kemikali zenye nitrojeni ambazo baadhi husababisha saratani. Kwa anayemwagilia mchicha kwa maji ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, hili si jambo la kitabuni.

Dawa mojawapo ni titani dioksidi, unga mweupe uliomo kwenye rangi za ukutani. Madini yake, rutili na ilmenaiti, yalichimbwa kwenye mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwishoni mwa 2024. Chembe zikiwa za nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 20 hivi, nyuso za chembe za gramu 1 hufikisha jumla ya mita za mraba 50. Mwanga ukizipiga, elektroni huruka na kuacha pengo. Elektroni hudakwa na oksijeni, pengo nalo huyapokonya maji elektroni. Hapo huzaliwa haidroksili, kipande cha maji chenye oksijeni na hidrojeni, kali kiasi cha kukata karibu kila kiunganishi cha rangi. Uwezo wa madini haya kupasua maji kwa mwanga ulitangazwa na Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda mwaka 1972.

Tatizo ni kwamba aina inayofanya kazi vizuri, anatasi, huamshwa na miale ya urujuanimno (UV) tu, ambayo ni kama asilimia 5 ya nishati ya jua. Maji yakiwa mazito kwa rangi, hata hiyo haipenyi.

Nasisitiza pia kipimo. Bluu ya methilini, rangi itumikayo kwenye majaribio, ikichanganywa na unga, kwanza iachwe gizani kama nusu saa, maana sehemu ya rangi hunata tu kwenye chembe bila kuvunjika. Tena, oksijeni ikikosekana rangi hii hupauka, kisha ikipata hewa inarudi bluu! Kwa hiyo usiniambie maji yametakata kwa kuyatazama. Pima kaboni ya rangi iliyobaki majini.

Unga nao lazima utolewe, la sivyo tumeongeza uchafu mwingine. Binafsi naona heri kuupaka kwenye vioo, ingawa kazi huenda polepole kwa sababu maji hugusa chembe chache zaidi.