Barua ya mapendekezo kwa mwombaji wa ufadhili wa uzamivu: wajibu wa mhadhiri na wa mhitimu

Msimu wa maombi ya ufadhili wa shahada ya uzamivu unapokaribia, kurugenzi za masomo ya uzamili hupokea malalamiko kutoka pande mbili. Mhitimu hulalamika kwamba mhadhiri wake wa zamani amechelewesha barua ya mapendekezo, na mhadhiri hulalamika kwamba aliombwa barua hiyo siku moja kabla ya dirisha kufungwa. Maelezo haya yanawahusu wote wawili, ingawa yanamlenga zaidi mhadhiri, kwa kuwa ndiye anayeweka sahihi.

Katika Mpango wa Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanza mwaka 1959, mwombaji anayekwenda Uingereza haambatishi barua mwenyewe. Anajaza jina na barua pepe ya mdhamini, yaani mhadhiri anayempendekeza, kisha mfumo unamtumia mdhamini kiungo ili awasilishe maelezo yake moja kwa moja. Ujumbe huo mara nyingi huangukia kwenye barua taka, hivyo mhadhiri aliyekubali kuandika akague huko kila siku hadi aupate. Atumie anwani ya taasisi yake, kwa sababu anwani binafsi huzua maswali yasiyo ya lazima. Saa za mwisho nazo husomwa vibaya: zikitajwa saa za Uingereza, tofauti na Afrika Mashariki ni saa 2 wakati wa kiangazi chao, na huwa saa 3 baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mfumo ukishafungwa, hakuna ofisi hapa Tanzania yenye uwezo wa kuufungua, hata mwombaji akija na barua ya mkuu wa idara.

Tunalazimika pia kurudia kwamba barua ya mbunge, ya mkuu wa mkoa au ya kiongozi wa chuo asiyemfahamu mwombaji haina uzito. Wanaosoma maombi wanatafuta ushahidi wa mtu aliyemwona mhitimu akifanya utafiti. Mhadhiri msaidizi aliyekaa naye maabara mwaka mzima ana mengi ya kusema kuliko profesa aliyempa cheti jukwaani.

Ushahidi huo uwe mahususi. Kuandika kwamba mwombaji ana bidii, nidhamu na ushirikiano mzuri kunamweka katika kundi la waombaji wote. Mhadhiri anaweza badala yake kueleza kwamba mwanafunzi alipogundua sampuli za maji alizokusanya wakati wa masika zimeharibika, alirudi kwenye visima vile vile kiangazi, akabadilisha mbinu ya kupima, na akaieleza kasoro hiyo katika tasnifu yake bila kuificha. Sentensi kama hiyo humwonyesha msomaji mtafiti anayeweza kuachiwa kazi ya miaka 3 au 4. Wanaoandika kuhusu wanawake wawe waangalifu zaidi. Uchambuzi wa Frances Trix na Carolyn Psenka, uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu barua zaidi ya 300 za chuo kimoja cha tiba nchini Marekani, ulionyesha kwamba barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi na zilibeba maneno mengi zaidi ya kutia shaka.

Alama zifafanuliwe. Vyuo vikuu vya Tanzania hutumia kipimo cha wastani wa alama (GPA) kinachoishia 5.0, ambapo daraja la kwanza huanzia 4.4 na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Msomaji aliyezoea kipimo cha 4.0 akiona GPA ya 3.6 bila maelezo atadhani mwombaji amekaribia kilele, na akiona 4.5 atadhani kuna kosa la uchapaji. Sentensi moja inatosha kuondoa utata huo, na ni haki kwa mwombaji na kwa mfadhili pia.

Desturi ya kumwambia mhitimu "andika mwenyewe, nitasaini" haikubaliki, hata kama imezoeleka na hata kama nia ni njema. Mhitimu ana wajibu wa kumpa mhadhiri wasifu wake, hati ya matokeo, andiko la utafiti na vigezo vya mfadhili, angalau mwezi mmoja kabla. Kuandika ni kazi ya mhadhiri. Mhitimu anayejitungia barua na kuiwekea sahihi ya mwingine anaingia katika kosa la kughushi, ambalo Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inaliwekea kifungo cha hadi miaka 7. Zaidi ya hapo, mfadhili anaweza kumnyang'anya ufadhili hata akiwa ameshaanza masomo. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa yanayoandikwa katika barua. Ugonjwa, ujauzito au misiba ya mwombaji visitajwe bila ridhaa yake, ambayo iwe ya maandishi.

Mhadhiri asiyeweza kuandika barua nzuri kwa dhati aseme mapema, ili mhitimu atafute mwingine. Kukubali kisha kunyamaza kunamgharimu kijana mwaka mzima. Pale msimamizi alipofariki au asipopatikana, mkuu wa idara anaweza kuandika kwa kutegemea tasnifu, ripoti za watahini na kumbukumbu za idara, mradi aeleze wazi katika aya ya kwanza kwamba hakumfundisha mwombaji yeye mwenyewe.