Je, wajua kwa nini mtoto wa jicho hutolewa mgonjwa akiwa macho?

Bibi yangu alipoambiwa atatolewa mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, bila kulazwa usingizi, hakulala usiku ule. Maumivu hayakumtisha sana. "Nikikiona kisu kinakuja, si nitafumba?" aliniuliza.

Kufumba hawezi, maana kope hushikiliwa na kichuma maalumu. Ila mengine yote, kuumwa, kuona na kuzungusha jicho, yanategemea aina ya ganzi.

Wagonjwa wengi wa mtoto wa jicho ni wazee, na wengi wao wana presha au kisukari. Nusukaputi ni mzigo kwa moyo na mapafu yao, na upasuaji wenyewe mara nyingi hauzidi nusu saa. Ndiyo maana ganzi inatosha. Na ganzi ya sehemu moja ya mwili, hata hii ya kung'olea jino, ilianzia kwenye jicho: mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Carl Koller, alionyesha kwamba matone ya kokeini huliondolea jicho hisia.

Njia iliyotawala kwa miaka mingi ni sindano ya nyuma ya jicho. Misuli inayozungusha jicho imejipanga kama faneli, na sindano huingia ndani ya faneli hiyo. Dawa kidogo tu, jicho linatulia upesi. Lakini humo ndimo unamopita mshipa wa fahamu wa kuonea, pamoja na mishipa ya damu, na daktari haoni ncha ya sindano ilipo. Inaweza kuvujisha damu au kutoboa jicho, hasa jicho refu la mtu asiyeona mbali. Mara chache sana dawa hufika kwenye ubongo na mgonjwa akashindwa kupumua.

Sindano ya nje ya faneli ilienea baada ya 1986 ili kukwepa hatari hizo. Inataka dawa nyingi zaidi na kusubiri zaidi, na bado ni ncha kali. Sindano hizo mbili zilipolinganishwa, uwezo wake wa kuzuia maumivu haukutofautiana.

Ninayoipenda mimi ni ya tatu. Jicho likishatiwa matone ya ganzi, daktari hukata tundu dogo kwenye utando unaofunika weupe wa jicho, kisha hupitisha kijimrija kilichopinda, chenye ncha butu, na kumimina dawa kati ya jicho na kifuko chake, kiitwacho kifuko cha Tenon. Ncha butu si rahisi itoboe kitu.

Kuna pia matone peke yake, pengine na dawa ya ganzi iitwayo lignokaini kidogo ndani ya jicho. Yanamfaa sana anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kuwa hachomwi popote. Ila jicho bado linazunguka, na tafiti zinaonyesha maumivu huwa zaidi kuliko kwa kijimrija. Yanakwenda vizuri na mashine inayosaga lenzi kupitia mkato usiofika milimita 3. Katika hospitali zetu nyingi lenzi hutolewa kwa mkono, kupitia mkato wa milimita 6 au 7, na hapo daktari anahitaji jicho lililotulia tuli. Kwa hiyo mwambie mapema kama una kikohozi kisichokatika, kama husikii vizuri, au kama unatumia miwani ya kuonea mbali.

Bibi alipewa ganzi ya kijimrija. Kisu hakukiona: kilikuwa karibu mno, na taa ya darubini ilimwagika juu ya kila kitu kama karabai inayotazamwa kutoka chini ya maji. Alihisi kubonyezwa, na maji yakimtiririka shavuni. Kesho yake bandeji ilipotolewa, weupe wa jicho ulikuwa na baka jekundu pale utando ulipokatwa. Baada ya wiki mbili hivi lilikuwa limefutika.