Pointi hazikufika 4.0: la kufanya baada ya matokeo ya kidato cha sita

Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimepata divisheni ya tatu, naweza kwenda chuo kikuu?" Kwa taarifa hiyo peke yake siwezi kujibu. Divisheni haimwingizi mtu chuo kikuu wala haimzuii. Ninachohitaji kuona ni alama ya kila somo.

Sababu ni kwamba kuna hesabu mbili, na zinakwenda kinyume. Baraza linahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, kisha linajumlisha masomo matatu ya tahasusi. Jumla ikiwa ndogo ndiyo heri: 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu, 18 na 19 ya nne. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inageuza meza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S ni nusu na F ni sifuri. Hapa wingi ndio neema. Sharti la chini la shahada ya kwanza ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye alama kati ya A na E, zenye jumla ya pointi 4.0, tena katika masomo ambayo kozi yenyewe imeyataja.

Chukua wanafunzi wawili wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), wote wana divisheni ya tatu ya pointi 15. Wa kwanza ana D ya baiolojia, E ya kemia na S ya fizikia: 4 na 5 na 6. Wa pili ana C ya baiolojia, E ya kemia na F ya fizikia: 3 na 5 na 7. Kwenye matokeo yaliyobandikwa ukutani wanalingana. Kwa TCU, wa kwanza ana 2 na 1, jumla 3.0, na S yake ya fizikia haimvushi kwa sababu si prinsipo. Wa pili ana 3 na 1, jumla 4.0, na anaruhusiwa kuomba kozi inayotaka baiolojia na kemia, pamoja na ile F yake. Wazazi wengi hili huwaingia kwa shida, kwa kuwa cheti chenye F kinaonekana kibaya zaidi, lakini ndivyo hesabu ilivyo. Kadhalika, mwenye A moja na S mbili hana sifa: pointi anazo, prinsipo ya pili hana. General Studies (GS) na ile hisabati ndogo (BAM) hazihesabiwi kama prinsipo hata ukizifaulu vizuri.

Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wana kipimo chao: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Kwao C mbili ndizo zinazofikisha 4.0. Kama cheti chako ni cha miaka hiyo, usijipime kwa mizani ya mdogo wako.

Ukishapiga hesabu, utajikuta katika moja ya hali tatu, na kila moja ina dawa yake. Kosa ninaloliona sana ni mtu wa hali moja kutumia dawa ya nyingine.

Hali ya kwanza ni ya aliyefikisha 4.0 lakini akakosa nafasi kwa ushindani. Huyu hana sababu ya kurisiti (kurudia mtihani) wala kwenda diploma kabla ya kumaliza awamu zote za udahili. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, na baada ya awamu ya kwanza hufunguliwa ya pili kwa kozi zilizobakiwa na nafasi. Kinachowaangusha wengi ni kurudia ombi lile lile. Kama kozi yenye nafasi 50 ilijaa watu wenye pointi 10 na zaidi, pointi zako 5 hazitaongezeka kati ya awamu moja na nyingine. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, toleo la waliomaliza kidato cha sita, na usome safu inayoonyesha idadi ya nafasi. Kozi hiyo hiyo inaweza kuwa na nafasi nyingi zaidi chuo cha mkoa mwingine. Na ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu, ndani ya muda uliopangwa. Wapo wanaopoteza nafasi waliyokwisha kuipata kwa sababu tu laini waliyoombea ilikuwa ya rafiki.

Hali ya pili ni ya mwenye 4.0 katika masomo yasiyofaa kwa kozi anayoitaka. Mfano ni mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliyepata D ya kemia, D ya hisabati na S ya fizikia. Pointi 4.0 anazo, ila uhandisi mwingi unataka fizikia na hisabati, na hapo anabaki na prinsipo moja. Huyu si mtu aliyekosa chuo. Amekosa kozi. Ualimu wa sayansi kwa kemia na hisabati uko wazi kwake, na zipo kozi nyingine zinazokubali masomo mawili yoyote ya tahasusi ile. Swali lake la kweli ni kama anautaka uhandisi kiasi cha kutoa mwaka mmoja kwa ajili ya fizikia. Nashauri alijibu kabla ya kuthibitisha chuo. Kulijibu akiwa mwaka wa kwanza, ada imeshalipwa, ni gharama. Katika hali hii soma pia maneno madogo chini ya sharti kuu: kozi nyingi za biashara humtaka asiye na prinsipo ya hisabati aonyeshe alama fulani ya hisabati ya kidato cha nne.

Hali ya tatu ndiyo yenye uzito: pointi zako hazifiki 4.0. Hapa usiamue kwa uchungu. Pima kwanza umbali.

Mwenye D na E ana 3.0. Amepungukiwa pointi moja tu, yaani E ipande iwe D, au D iwe C. E ni maksi 40 hadi 49, D inaanzia 50. Pengo ni maksi 10 kwa wingi, pengine 1. Kwa mtu huyu kurisiti kuna mantiki kubwa. Mwenye E na S ana 1.5, na safari yake ni nyingine kabisa. Ile S ikipanda kuwa E atafika 2.0 tu. Njia ya karibu ya kufika 4.0 ni D mbili, maana yake apandishe masomo yote mawili kwa pamoja, moja wapo kutoka maksi za 35 hadi 39 mpaka 50. Inawezekana, lakini haitokei kwa kusoma madaftari yale yale nyumbani miezi mitatu ya mwisho.

Njia ya kwanza ni kurisiti, yaani kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwenye kituo kinachotambuliwa na Baraza, namba yako ikianza na P badala ya S. Mtihani hufanyika Mei na matokeo hutoka karibu na Julai, kwa hiyo ukifaulu unaingia chuo mwaka mmoja nyuma ya wenzako. Usajili una dirisha lake na lina mwisho wake, miezi mingi kabla ya mtihani. Anayesubiri Januari ndipo aanze kuulizia kituo amechelewa. Somo la sayansi likihusika, chagua kituo chenye maabara inayofanya kazi na uone kwa macho yako, kwa sababu karatasi ya vitendo haisomwi kwenye kitabu. Pakua fomati ya mtihani ya mwaka utakaoufanya, hasa sasa ambapo mitaala iliyoboreshwa ya 2023 inaingia kwa awamu. Na kabla ya kusajili somo moja peke yake, kiulize chuo unachokilenga, kwa maandishi, kama kinapokea matokeo ya mitihani miwili yaliyounganishwa kwa kozi ile.

Kurisiti kunashindwa kwa sababu ambayo haihusiani na akili ya mtu. Shuleni kulikuwa na kengele, mwalimu na majaribio ya kila mwezi. Mtaani havipo. Kama huwezi kupanga angalau saa nne za kusoma kwa siku, na mtu wa kukusahihishia majibu kila wiki, mwaka utakwenda na E yako itabaki E.

Njia ya pili ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo vijana huiita faundesheni. Hiyo ndiyo iliyotajwa kwa jina kwenye masharti ya TCU. Mtu akikuambia taasisi fulani ina faundesheni yake inayokubalika kila mahali, mwombe akuonyeshe imeandikwa wapi. Sharti lake linawapotosha wengi kwa sababu lina miguu mitatu. Unatakiwa upate GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kutokana na masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya kundi moja: sanaa, sayansi au biashara. Juu ya hayo uwe na cheti cha kidato cha sita chenye angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili, au diploma yenye GPA ya 2.0, au cheti cha NTA (mfumo wa ngazi za tuzo za ufundi) ngazi ya 5. Ndiyo maana mwenye E na S anaweza kuipita njia hii, na mwenye S mbili, ambazo ni pointi 1.0, hawezi hata akipata A tupu darasani. GPA ya 2.9 nayo haikufikishi popote kwa upande wa shahada. Chagua kundi ukiangalia kozi unayoitaka mbele, maana biashara haitakufungulia sayansi.

Njia ya tatu ni diploma, na nasikitika watu wanaiita ya walioshindwa. Kati ya zote, ni hiyo tu inayokupa cheti cha kazi hata kama hutaendelea na shahada. Mwenye prinsipo moja na sabsidiari moja (alama ya S), katika fani nyingi zisizo za afya, anaingia moja kwa moja NTA ngazi ya 5 na kumaliza diploma, yaani ngazi ya 6, kwa miaka miwili. Asiye na hizo anaanza ngazi ya 4 kwa cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne, bila kuhesabu masomo ya dini, na anatumia miaka mitatu. Fani za afya huanzia ngazi ya 4 kwa wote, na maombi yake hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi.

Ili diploma ikupeleke chuo kikuu, sharti la jumla ni GPA ya 3.0. Kwa diploma ya ualimu ni wastani wa B. Lakini GPA peke yake haitoshi, kwa sababu kozi ya shahada lazima ihusiane na diploma. Aliyesoma uhasibu halafu akaomba udaktari anarudishwa, na GPA yake nzuri mkononi. Kwa hiyo mwongozo wa kusoma kabla ya kuchagua diploma ni ule wa TCU wa wenye sifa linganishi, yaani wanaoingia kwa diploma na vyeti vinavyolingana: tafuta shahada unayoitaka, soma ni diploma zipi zimeorodheshwa mbele yake, kisha rudi nyuma ukachague mojawapo. Mfano mmoja unaoumiza watu: diploma ya tabibu inaweza kukufikisha kwenye shahada ya udaktari ukiwa na wastani wa B au GPA ya 3.0, ila unatakiwa pia uwe na angalau D za kidato cha nne katika hisabati, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza. Ile F ya hisabati uliyodhani umeizika kidato cha nne inakusubiri hapo. Kama unayo, irisiti wakati diploma inaendelea, usingoje umalize miaka mitatu.

Kuhusu fedha, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa diploma, lakini kwa fani za kipaumbele tu. Angalia orodha ya mwaka husika kabla ya kumwambia mzazi kwamba mkopo utakuwepo.

Mawakala wa vyuo vya nje nao huja msimu huu huu. Kusoma nje si kosa, na nchi nyingine zinapokea alama ambazo hapa hazitoshi. Kabla ya kulipa chochote, nenda TCU ukaulize kama chuo hicho kinatambuliwa, na uombe hati ya kutokuwa na pingamizi. Shahada ya nje hupelekwa TCU kutambuliwa mwenye nayo akirudi, na wakati huo ada ya miaka mitatu imeshatoka.

Madirisha haya hayasubiriani. Vyuo vya diploma hupokea maombi wakati awamu za vyuo vikuu zinaendelea, na usajili wa kurisiti nao unakwenda. Mwenye 3.0 anaweza kuomba diploma na kujisajili somo moja kwa pamoja. Mwenye 4.0 dhaifu aombe chuo kikuu awamu zote na awe na chuo cha diploma pembeni, bila kulipa ada kamili mpaka majina ya awamu ya mwisho yatoke.